Sifuri ya Ishirini

Mianzi ilikuwa ishirini na sita, na Evarista alikuwa kwenye wa kumi na moja.

Ukungu ulikuwa umekaa bondeni tangu jana na haukuonyesha dalili ya kuondoka. Alishika ncha ya mwanzi kwa mkono wa kushoto, akapitisha kisu kwa mkono wa kulia, na kipande chembamba kama ukucha kikaanguka kwenye majani. Lazima kiwe chembamba hivyo. Ukikata kinene, unaula mwanzi kabla ya siku zake. Usipokata kabisa, jeraha linafunga na mwanzi hautoi tena mpaka mvua za mwaka mwingine. Akafungua mbeta, kile kikopo cha mwanzi kinachofungwa chini ya ncha kukinga ulanzi, utomvu mtamu unaogeuka pombe, akaumimina kwenye kibuyu, akaifunga mbeta tena kwa kamba ya gome, akahamia kwenye wa kumi na mbili.

Kazi hiyo ilikuwa asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu, na Jumapili pia, maana mianzi haijui Jumapili. Zamani waliigema wawili, yeye na mama yake, Benedicta. Kisha mama akawa mzito, akashindwa kuinama, na sasa alikuwa na kichanga cha wiki mbili na hatoki nje ya ua. Baba yake alikuwa mkongeni upande wa Tanga, mwaka wa tatu huu, na barua iliyofika ilikuwa moja.

Alikuwa anafunga mbeta ya mwanzi wa kumi na tisa aliposikia chuma cha shule kikilia ng'ambo ya kilima. Ngaa. Ngaa. Ngaa. Mkono wake ukasimama kidogo, kisha ukaendelea. Ilikuwa imebaki mianzi saba ya juu, ile inayotoa vizuri kuliko yote. Akaigema yote saba bila haraka. Chuma kikishalia kimelia, kukimbia hakukirudishi.

Shule ya Lwingulo ilikuwa na jengo moja la udongo lililoezekwa nyasi, na mwalimu mmoja. Darasa la tatu lilikaa likitazama mashariki, darasa la nne likitazama magharibi, migongo imeelekeana, na Mwalimu Liberatus alitembea katikati siku nzima, akiwaacha hawa na hesabu za kugawanya na kuwageukia wale na mito ya Tanganyika. Alikuwa amekaa kilimani pale miaka sita. Mkewe alibaki Kihesa, mjini Iringa, kwa sababu ya kifua. Baridi ya Lwingulo ilimshinda. Basi Mwalimu aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya shule, na shati lake jeupe, analolifua mwenyewe, lilikuwa limepauka mabegani.

Evarista alipoingia, Mwalimu alikuwa na rejista mkononi.

"Hii ya ngapi?" akauliza.

"Ya kumi na tisa, Mwalimu."

"Na ikifika ishirini?"

"Jina linakatwa."

"Nani anakata?"

"Rejista."

"Si mimi?"

"Si wewe, Mwalimu."

"Haya. Lete mkono."

Sheria ya sifuri ilitoka misheni mwaka ule. Watoto wanaotaka shule walikuwa wengi kuliko viti, kwa hiyo mchelewaji akifikisha sifuri ishirini huondoka, akapishe mwingine. Na asiyemaliza darasa la nne hana mtihani, na asiye na mtihani hana shule ya kati kwa masista kule Tosamaganga. Mwalimu Liberatus hakuitunga sheria, ila alikuwa mtu asiyeandika uongo. Mara moja mjomba wa Bartholomeo, mvulana wa darasa la nne, alikuja na jogoo kuomba sifuri mbili za mpwa wake zifutwe. Alirudi kilimani kwake na jogoo wake.

Fimbo tatu. Kiganja cha Evarista kilikuwa na utomvu wa ulanzi uliokauka, ikawa kila fimbo inapoinuka inanata kidogo kabla ya kuachia. Mwalimu akaitazama ncha ya fimbo, akaifuta kwenye suruali, akasema, "Kaa."

Akakaa. Hapo ndipo mwili wake ulipopumua. Benchi lilikuwa ubao tu juu ya matofali mabichi, lakini mtu aliyekaa pale hatumwi maji, hatumwi kuni, haitwi kushika mtoto. Lusia, aliyekaa naye, alikuwa ameshampashia moto nafasi yake, kama kawaida.

"Unanuka kilabu cha pombe," Lusia akanong'ona.

"Na wewe unanuka moshi. Nyamaza."

Mwalimu aligonga meza. Akatoa barua mfukoni, akaisoma kimya kwanza, ingawa ilionekana ameshaisoma mara nyingi, maana mikunjo yake ilikuwa imeanza kuchanika. Kesho, Alhamisi, angekuja Bwana Edmund, mkaguzi wa shule za misheni. Angekagua rejista, shamba na sakafu. Halafu, Mwalimu akasema, safari hii kuna jambo jipya. Kila mtoto wa darasa la nne ataandika kwenye kibao chake mwenyewe anachokipenda katika shule yake na asichokipenda.

Vichwa vya darasa la nne vikainuka. Hata la tatu liligeuka, na halikuhusika.

"Tujaribu," akasema Mwalimu. "Tunapenda nini?"

"Tunapenda Mwalimu," darasa likajibu kwa sauti moja.

"Hapana, si mimi. Shule. Tunapenda masomo. Na hatupendi nini?"

Watoto wakatazamana.

"Hatupendi uvivu," akasema Mwalimu.

"Hatupendi uvivu."

"Na uchafu."

"Na uchafu."

Akaikunja barua, akairudisha mfukoni. Hakuonekana mtu aliyeridhika, bali mtu aliyefika nusu ya mlima.

Mchana hawakusoma. Wavulana walikwenda kung'oa magugu kwenye maharage ya shule, na wasichana walisiriba sakafu kwa mavi ya ng'ombe, maana mkaguzi akikuta vumbi anaandika. Walipiga magoti mstari mmoja, wakirudi nyuma, mikono ikizunguka nusu duara, nusu duara, mpaka udongo ukang'aa kijani. Mavi yalikuwa ya moto kidogo, ya asubuhi ile, na kwa vidole vilivyokufa ganzi yalikuwa faraja, ingawa hakuna aliyekubali kusema hivyo.

"Mimi nitaandika sipendi kusiriba," akasema Lusia. "Kwa nini wavulana hawasiribi? Mikono wanayo."

Bartholomeo alikuwa amekuja dirishani kuomba jembe, akabaki hapo. "Sisi tunachimba visiki. Ukitaka tubadilishane, njoo."

"Njoo wewe uingize mkono humu."

"Mimi napenda shule kwa sababu ya mpira," akasema Bartholomeo. "Na kuimba. Sipendi haya maboga ya mchana. Maboga Jumatatu, maboga Jumanne. Nitamwandikia Bwana Edmund: tumekuwa maboga."

Wasichana wakacheka, na Lusia akamrushia tonge la mavi likapiga fremu ya dirisha.

"Futa hapo," akasema Evarista. "Kesho watasema sisi ndio wachafu."

"Na wewe Evarista?" Bartholomeo akauliza. "Unapenda nini? Fimbo?"

"Anapenda kusinzia," akasema Lusia. "Jana amesinzia kwenye Ziwa Nyasa, nusura azame."

Evarista naye alicheka, lakini mikono yake haikusimama. Alikuwa anahesabu. Chuma hulia akiwa kwenye mwanzi wa kumi na tisa. Akiondoka kabla hajafika hapo na akakimbia, huenda akawahi. Ila mianzi ya juu ingebaki.

Jioni, mwanga ukiwa bado upo, Mwalimu Liberatus alipita njia ya nyuma, ile ya migombani, akasimama nje ya ua wao.

"Hodi. Kamwene, mama."

"Kamwene, Mwalimu. Karibu," akajibu Benedicta akiwa ndani, mtoto akinyonya.

Alifika hivyo karibu kila jioni ya msimu. Padre alikuwa amewakataza walimu pombe, na kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilinyamaza, maana mwalimu ni mtu na baridi ni baridi. Evarista akamletea kigoda, kisha mbeta iliyojaa. Mwalimu alikunywa polepole, macho yake yakiwa kwenye ukungu unaopanda kutoka mtoni. Hakuwa mlevi. Mbeta mbili, halafu anainuka. Pale mlangoni hakuwa akizungumzia shule kamwe, kama kwamba kilima kile kilikuwa nchi nyingine.

Jioni ile, alipokuwa anarudisha mbeta ya pili, akasema bila kumtazama, "Kesho usichelewe."

"Nitajitahidi, Mwalimu."

"Usijitahidi. Usichelewe." Kisha akageukia mlango. "Mama, huu wa leo umeiva vizuri."

"Ni wa ile saba ya juu," akajibu Benedicta. "Hiyo haijawahi kunitupa."

Baada ya Mwalimu kuondoka, Evarista akamweleza mama yake habari ya mkaguzi na ya sifuri. Benedicta alimsikiliza huku akimbadilisha mtoto bega.

"Mwanangu," akasema, "mimi sijui rejista. Najua mianzi haimsubiri mkaguzi. Tukiacha ikafunga, chumvi tutaitoa wapi mpaka mavuno?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma kilichoandikwa ukutani. Evarista akaenda kunoa kisu.

Asubuhi ya Alhamisi aligema mianzi kumi na mitano, kisha minne mingine mbiombio, akasimama chini ya ile saba. Kulikuwa na tone kwenye ncha ya kila mmoja. Akalitazama la karibu likikua, likirefuka, likidondoka. Akaficha kibuyu kwenye majani, akachomeka kisu ardhini kando yake, akakimbia.

Chuma kililia akiwa amevuka kijito na amebakiza mteremko mmoja. Aliingia mstarini pigo la mwisho likiwa bado linavuma. Mwalimu alimwona. Kwenye rejista akaandika alama ya kuhudhuria, na kalamu yake ilikaa pale muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Bwana Edmund alifika kwa pikipiki, suruali imejaa matope hadi magotini. Alikuwa Mhehe mnene, mpole, mwenye miwani, na aliwaamkia watoto kama watu wazima. Alikagua sakafu, akasema vizuri. Akakagua maharage, akasema vizuri. Akafungua rejista, akapitisha kidole. Kidole kikasimama.

"Huyu mwenye kumi na tisa yupo leo?"

"Yupo," akasema Mwalimu Liberatus.

"Amewahi?"

"Amewahi."

"Bado moja. Zikifika ishirini, mwalimu, usimwonee haya mtu. Kuna watoto sitini wanasubiri viti."

"Simwonei haya mtu," akasema Mwalimu.

Kisha vibao vikagawiwa. Bwana Edmund akawaambia waandike bila hofu. Hakuna atakayechapwa kwa kusema kweli. Mwalimu wenu, akasema, hataviona kabla yangu. Akatoka nje kupangusa pikipiki yake. Kwa tamko lile, Mwalimu Liberatus akawa hana pa kuweka macho. Akasimama dirishani upande wa darasa la tatu, akatazama nje.

Kalamu za mawe zikaanza kulia kwenye vibao. Evarista akaandika, *Napenda kukaa.* Akalisoma. Lilikuwa kweli, wala hakukuwa na la kuongeza. Kisha akashuka mstari wa chini. Hakufikiria sana, uchovu ulikuwa umeondoa ile sehemu ya mtu inayofikiria kwanza. Mkono ukaandika wenyewe, kwa herufi nzuri, maana herufi zake zilikuwa nzuri kuliko za darasa zima:

*Sipendi kuchapwa kwa kuchelewa. Ninachelewa kwa kugema ulanzi. Ulanzi anakunywa Mwalimu.*

Akaweka kalamu chini.

Akasikia viatu. Darasa la tatu kulikuwa na mtoto anayekohoa, na Mwalimu alikuwa amepita katikati kumpeleka mlangoni. Aliporudi, alipita nyuma ya benchi la Evarista. Viatu vikasimama. Evarista hakugeuka. Alisikia pumzi, kisha kitu kama kitabu kinachobanwa kifuani. Alingoja mkono uje uchukue kibao. Alingoja kauli. Hata "futa" angeielewa.

Viatu vikaondoka. Mwalimu alirudi dirishani, akasimama palepale alipokuwa, mikono nyuma. Mgongo wa shati lake ulikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa uzi mweusi. Mishono mirefu, ya mwanamume.

Nje pikipiki ilikuwa imeshapanguswa. Bwana Edmund alikuwa anasafisha miwani yake, anakuja.

Evarista aliutazama ule mstari wa mwisho. Kabla ya Mwalimu huyu, shule ilikaa miezi kumi na moja bila mwalimu. Nyasi ziliota mpaka kizingitini, na mbuzi waliingia kulala. Alikuwa na miaka saba wakati ule, na alikuwa akipita pale na kuni kichwani, akitazama ndani benchi zikiwa tupu. Na mama yake, Padre akijua nani anampa mwalimu pombe, angekaa nje ya meza ya Bwana hadi Pasaka ya mwaka gani? Yote hayo yalikuja pamoja, wala hayakuja kwa mpangilio. Akatia mate kwenye kiganja, akafuta.

Mistari mitatu ilitoka. Ila kiganja kilikuwa kilekile cha asubuhi, chenye ulanzi, na alipojaribu kuandika kitu kingine mahali pale, kalamu iliteleza. Kibao hakikushika. Alijaribu *uvivu*, likatoka *u* peke yake. Bwana Edmund alikuwa ameshafika.

"Napenda kukaa," mkaguzi akasoma kwa sauti. Bartholomeo akacheka puani. "Kukaa tu, binti?"

"Ndiyo, Bwana."

"Kwani nyumbani hukai?"

"Nyumbani hakuna kukaa, Bwana."

Mkaguzi akainamisha kibao kwenye mwanga wa dirisha. "Na hapa chini? Naona palikuwa na maneno."

"Nilikosea."

"Ulikosea herufi au ulikosea neno?"

Evarista akainua macho. Dirishani, mgongo wenye kiraka haukutikisika.

"Nilikosea, Bwana," akasema tena.

Bwana Edmund alimtazama kwa muda, akarudisha kibao, akaenda kwa Lusia, ambaye alikuwa ameandika kuhusu kusiriba, mistari sita, mpaka pembeni mwa kibao.

Jioni ile Benedicta alikinyanyua kibuyu, akakipima kwa mkono.

"Kimepungua."

"Ile saba sikuifikia, mama."

Benedicta akakiweka kibuyu chini. "Umeitazama sasa hivi?"

"Nimeitazama. Miwili inadondosha. Mitano imefunga."

"Haya," akasema mama yake. Akamlaza mtoto, akafunika moto majivu. "Haya." Kisha akajaza mbeta, akaiweka kando ya mlango juu ya kigoda, kama kila jioni.

Mwalimu Liberatus hakuja. Mbeta ilikaa pale mpaka kuku wakaingia ndani.

"Anaumwa, mwalimu wako?" Benedicta akauliza.

"Sijui, mama."

"Kesho utakuwa mkangafu, huo, umechacha na mkali. Utamwumiza kichwa." Akaifunika kwa jani.

Ijumaa mtoto aliamka na kikohozi. Evarista aliwasha moto kwanza, akachemsha maji, akamshika mpaka akatulia, na alipofika mianzini kulikuwa kumekucha kabisa, kwa jinsi ukungu unavyoruhusu kukucha. Aligema kumi na tisa. Akagema miwili ya juu iliyo hai. Akajaribu ile mitano: akakata kidogo, akangoja, akakata tena kidogo. Mmoja ulitoa unyevu, si tone. Mingine ilikuwa mikavu kama kidonda kilichopona.

Hakuwa amesikia chuma. Huenda kililia akiwa anambembeleza mtoto, akawaza. Akapeleka kibuyu nyumbani, akanawa miguu kwa sababu ya mazoea, akaondoka. Hakukimbia. Hakuona tena sababu. Alitembea akitazama majani yaliyolowa yakipita kando ya miguu yake, na akawaza jinsi atakavyomwachia Lusia kalamu ya jiwe, maana kalamu ilikuwa yake mwenyewe, si ya shule.

Akavuka kijito. Akapanda mteremko.

Watoto walikuwa wamesimama mistari miwili uwanjani, wamejikunyata, mikono kwapani, wakirukaruka kwa baridi. Hakuna aliyekuwa ndani. Chini ya mkaratusi, ringi ya gurudumu la lori, ndiyo chuma cha shule, ilining'inia kimya kwenye mnyororo wake, na Mwalimu Liberatus alikuwa kando yake, nondo ya kupigia imebanwa kwapani, anaitia ufunguo saa yake ya mkononi. Alikuwa akizungusha kidogo, anapumzika, anazungusha tena, kama mtu anayeogopa kukata kitu.

Evarista alipita nyuma ya mistari, akasimama mahali pake.

"Saa ya Mwalimu imekufa," Lusia akanong'ona, meno yakigongana. "Tumesimama hapa mpaka miguu imepotea. Wewe ulikuwa wapi?"

Evarista akatazama chini. Matope yalikuwa yanakauka kati ya vidole vyake vya miguu.

Mwalimu aliiweka saa sikioni, akasikiliza. Kisha akanyanyua macho, akaitazama njia inayotoka kijitoni, ambayo sasa haikuwa na mtu, akaitoa nondo kwapani, akapiga chuma.